Mama kupotea vichochoroni na kumbukumbu kurudi ukiingia nyumba ya zamani: ni kitu kimoja?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Lamu, nalifupisha kidogo: "Mamangu ana miaka 68, mzaliwa wa Langoni, ameolewa Mkomani na amekaa huko zaidi ya miaka 40. Mwaka huu ameanza kupotea. Akishika njia kuu au akipita bandarini hana shida, lakini akikata ndani ya vichochoro anasimama hajui aende wapi, juzi amerudishwa na kijana wa punda. Na pia anauliza kitu kimoja mara tatu. Lakini mambo ya harusi yake anakusimulia yote mpaka rangi ya leso. Mimi mwenyewe nikiingia nyumba yetu ya zamani mambo ya utotoni yananijia yenyewe, nikitoka hayapo. Hivi njia na kumbukumbu zina uhusiano gani? Na mwanangu yuko kidato cha nne, kusoma kwake ni kusahau, kuna la kumsaidia?"

Wa alaikum salaam dadangu. Jibu fupi kwanza manake najua roho haijatulia: ndio, vinahusiana, tena sana, na kwa hayo uliyoeleza mamako apelekwe hospitali mwezi huu huu, msiseme ni uzee tu tungoje tuone. Sio lazima mpande boti usiku huu. Ila kama lingekuwa limemwanza ghafla, jana mzima leo hajui alipo, au mdomo umekwenda upande, au ana homa, hapo ningekwambia shika njia saa hiyohiyo. Kwa sasa nieleze kwanza kwa nini nasema vinahusiana, halafu nitarudi kwake.

Ndani ya kichwa, usawa wa masikio hivi, kila upande kuna kipande kimejikunja, urefu wake sentimita 4 au 5, kinaitwa hipokampasi. Kwa miaka mingi watu hawakujua kinafanya nini haswa. Mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, daktari wa upasuaji William Scoville alimpasua kijana wa miaka 27, Henry Molaison, aliyekuwa na kifafa kibaya kisichosikia dawa, akamtoa sehemu kubwa ya hicho kipande pande zote mbili. Kifafa kikapungua. Lakini kuanzia siku ile Henry hakuweka jambo jipya likakaa, unaongea naye vizuri, anacheka, unatoka chumbani unarudi baada ya dakika chache anakusalimu kama hajakuona maisha yake. Mtaalamu Brenda Milner alimfuatilia kwa miaka na miaka na kila wakikutana ilikuwa ni kujitambulisha upya. Ajabu ni kwamba mikono yake ilikuwa inajifunza. Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiiangalia kwenye kioo, kazi ngumu kweli ukijaribu, na siku baada ya siku akawa hodari, na kila siku anaapa hajawahi kuifanya. Mpaka anafariki mwaka 2008 dunia ilikuwa inamjua kwa herufi mbili tu, H.M., na yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kumbukumbu za matukio zina mahali pake na ujuzi wa mikono una pake.

Sasa upande wa pili, watu wengine kabisa, hawana habari na wagonjwa. London mwaka 1971 John O'Keefe na mwenzake Jonathan Dostrovsky wameweka waya nyembamba mno kwenye hipokampasi ya panya, panya anazunguka zake na wao wanasikiliza seli moja moja. Wakaona seli hii inatoa umeme panya akifika kona fulani tu, akitoka kimya, akirudi palepale inaanza tena, na seli nyingine ina pahala pake pengine. Wakaziita seli za mahali. Miaka ikapita, 2005 kule Trondheim, Norway, May-Britt Moser na Edvard Moser na vijana wao wakapata kwenye jirani yake, sehemu inaitwa entorina ambayo ndio mlango wa kuingilia hipokampasi, seli ambazo hazina pahala pamoja, zinawaka sehemu nyingi na ukiziwekea nukta kwenye karatasi zile nukta zinajipanga pembe sita pembe sita sakafu nzima, safi utadhani mtu amepima kwa rula. Hizo zinamsaidia mnyama kujua ametembea umbali gani kuelekea wapi hata gizani. Kuna na seli za uelekeo, zinajua kichwa kimeangalia wapi. O'Keefe na hao wawili wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Unaona basi? Hawa wanatafuta kumbukumbu, wale wanatafuta njia, na wote wakajikuta kwenye kipande kilekile cha ubongo. Sio kwa bahati. Fikiria jambo lolote lililokutokea, harusi, matanga, ugomvi na jirani, halijatokea hewani, limetokea mahali, ulikuwa umesimama upande fulani, mtu fulani yuko kushoto kwako. Habari zinapoingia hipokampasi zinakuja kwa njia mbili, sehemu moja ya entorina inaleta zaidi "nini" na sehemu nyingine inaleta zaidi "wapi", na hipokampasi kazi yake ni kuvifunga pamoja kuwa tukio moja. Wataalamu bado wanabishana kipi kilitangulia. O'Keefe na watu wake wanasema ramani ndio msingi na kumbukumbu imejengwa juu yake, marehemu Howard Eichenbaum wa Boston alikuwa anasema la, kazi ya msingi ni kuunganisha vitu, mahali ni kiungo kimoja tu kati ya vingi. Mimi naegemea kwa Eichenbaum, manake mwaka 2017 Dmitriy Aronov na wenzake walifundisha panya kupandisha na kushusha mlio wa sauti kwa kushika kijiti, hakuna kutembea kokote, na seli zilezile za entorina na hipokampasi zikawa zinawaka kwenye mlio fulani vile zinavyowaka kwenye kona fulani. Kwa hiyo mashine inaweza kupanga vitu vingi, ila kwa maisha ya kawaida mahali ndio kitu inachopenda kushikia.

Na kwa binadamu je, au ni mambo ya panya tu? Hii ndio tafiti nayoipenda kuliko zote. Wagonjwa wa kifafa wakati mwingine huwekewa waya ndani ya ubongo wakisubiri upasuaji, ili daktari ajue kifafa kinaanzia wapi. Mwaka 2013 Jonathan Miller, Michael Kahana na wenzao waliwapa wagonjwa kama hao gemu ya kompyuta, mji wa kuzunguka ndani yake unapeleka vitu madukani, hapa unaacha hiki pale unaacha kile. Halafu gemu ikazimwa, wakaambiwa taja vitu ulivyopeleka, vyovyote unavyokumbuka. Mtu amelala kitandani hatembei popote, na anapokaribia kutaja kitu, seli zake za mahali zinaanza kuwaka kwa mtindo ule wa sehemu ya mji alikokipeleka. Yaani ubongo unarudi dukani kwanza ndio ulete jina la kitu.

Geuza sasa upande wa pili, badala ya ubongo kurudi mahali kwa fikra, wewe mwenyewe umerudi kwa miguu. Unapita kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, unaingia tekani, ndio kiingilio, kwenye lile giza la ghafla, unatokea kiwandani, yaani ua wa ndani, harufu ya chokaa yenye unyevu, na hipokampasi ina tabia kwamba ukiipa kipande inakamilisha kilichobaki. Ichukulie ka mshika daftari wa bohari, mali haiko mfukoni mwake, mali imetawanyika kwenye mashelfu, sauti huku sura kule, yeye anajua tu kipi kiko wapi, na ukimtajia kitu kimoja kwenye orodha anakuletea mzigo mzima. Ndio maana ukitoka hayapo. Hayajapotea, hakuna wa kumtajia.

Kuna tafiti maarufu ya mwaka 1975, Duncan Godden na Alan Baddeley waliwachukua wapiga mbizi kule Scotland, wakawasomesha maneno wengine chini ya maji wengine nchi kavu, na waliojifunzia majini walikumbuka zaidi wakiwa majini kuliko wakitolewa nje. Kwa sisi watu wa pwani ni hadithi tamu, ila nisikuuzie zaidi ya bei yake, jaribio kama hilo lilirudiwa na matokeo yakachapishwa 2021 na hayakutoka hivyo. Mahali kunasaidia, lakini sio uchawi. Na kile cha kuingia jikoni ukasahau ulichofuata, watu huniuliza sana, hicho ni kawaida kabisa, Gabriel Radvansky wa Marekani amekichunguza, ukivuka mlango ubongo unafunga ukurasa wa chumba ulichotoka. Rudi ulipokuwa, mara nyingi kinakuja. Sio ugonjwa.

Sasa hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Hata ukikumbuka mahali, hukumbuki ka picha ya juu ya ndege, unakumbuka ukiwa umesimama pahala. Milan, Italia, mwaka 1978, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti walikuwa na wagonjwa wawili walioumia ubongo upande wa kulia, na mtu akiumia pale anaweza kuacha kujali upande wa kushoto, anakula nusu ya sahani nusu haioni na macho yake ni mazima. Wakawaambia, fikiria umesimama kwenye uwanja mkubwa wa kanisa la mji wenu umeangalia kanisa, taja majengo. Wakataja ya kulia, ya kushoto karibu yote wakayaacha. Wakaambiwa sasa fikiria umesimama mlangoni kwa kanisa unaangalia huku uwanjani. Wakataja yale waliyoyaacha mwanzo, na yale waliyoyataja mwanzo sasa hayapo! Ni ka umwambie mtu asimame kifikra Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome ya Lamu, aangalie ngome, halafu aipe ngome mgongo, na kila mara nusu ya Mkunguni inakosekana. Kumbukumbu ilikuwa kamili muda wote, njia ya kuifikia ndio imevunjika upande mmoja. Na uwanja ule walikuwa wameujua miaka yote. Nimelileta hili kwa sababu mgonjwa wa kiharusi hapa kwetu akifanya hivyo watu wa nyumbani humwambia ana kiburi, au amerogwa.

Kabla ya mamako, neno moja kuhusu kulelewa Lamu. Kuna gemu ya simu iliyotengenezwa kupima uwezo wa watu kutafuta njia, unaendesha mashua, na mwaka 2022 Antoine Coutrot, Hugo Spiers na wenzao walitoa majibu ya watu karibu 400,000 wa nchi 38. Waliokulia miji iliyonyooshwa barabara kwa mistari, ka Chicago, wako chini kidogo kuliko waliokulia nje ya mji au penye njia za kujipinda. Lamu sijui panaweza kupindwa zaidi ya pale, mtaa unapita chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia, unakata kulia, unadhani umefika pwani kumbe umerudi nyuma ya msikiti uleule. Na ubongo wa mtu mzima pia bado unabadilika, Eleanor Maguire wa London alionyesha mwaka 2000 kwamba madereva wa teksi wa kule, ambao lazima wahifadhi kichwani mitaa kama 25,000 kabla ya leseni, sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ni kubwa kuliko ya watu wengine, na 2011 yeye na Katherine Woollett wakawafuata wanafunzi wa hiyo kazi tangu mwanzo, waliofaulu ndio walioongezeka, walioshindwa hapana. Kwa hiyo ni mazoezi, sio kwamba walizaliwa hivyo. Ramani ya simu nayo, ukiifuata tu kata kushoto kata kulia, hipokampasi haiamki kufanya kazi, Spiers na wenzake waliliona hilo 2017 kwa watu waliokuwa wanazungushwa mitaa ya Soho kwenye kompyuta.

Mwanao. Asisome ka mtu anayemeza vidonge, atumie nyumba. Hii ni mbinu ya tangu Wagiriki wa kale, unaweka vitu vya kukumbuka kwenye sehemu za nyumba unayoijua halafu unapita kifikra unavichukua. Mwaka 2017 Martin Dresler na wenzake waliwafundisha watu wa kawaida nusu saa kwa siku, siku 40, na kutoka kukumbuka maneno 26 mpaka 30 hivi kati ya 72 wakavuka 60. Na nyumba za Lamu ni ka zilijengwa kwa kazi hii. Mzunguko wa damu: kwenye daka aweke vena kava, tekani atiria ya kulia, kiwandani ventrikali ya kulia, msana wa tini, ule ukumbi wa kwanza, mapafu, msana wa yuu, ukumbi unaofuata, atiria ya kushoto, na chumba cha ndani ventrikali ya kushoto. Vile zidaka za ndani, vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, ni aota na kila kidaka kiungo kimoja inachokipelekea damu, figo hapa, ini pale. Aweke kitu cha ajabu, ajione paka wa mtaani amekalia figo kwenye kidaka, kikiwa cha kawaida hakitashika. Apite mlango hadi mlango jioni, arudie kesho yake bila daftari. Inafaa vitu vyenye mpangilio na orodha, kuelewa haileti, hesabu aende na mwalimu. Na alale, tafadhali, manake tangu 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba panya akilala zile seli za mahali zinarudia njia ya mchana, na kukesha usiku kucha kabla ya mtihani ni kuinyima hipokampasi kazi yake.

Haya, mamako. Ulivyoniandikia kwamba njia kuu na bandarini hapotei ila ndani ya vichochoro, nilisimama hapo. Maguire na wenzake mwaka 2006 walieleza habari za dereva wa teksi wa London aliyeumia hipokampasi zote mbili, miaka kama 40 yuko kazini. Wakampa aendeshe London ya kwenye kompyuta. Barabara kubwa anakwenda vizuri, akitoka tu kuingia mitaa midogo anapotea. Inafanana na unayoyaona, ingawa kufanana sio kipimo, mimi siwezi kumpima mtu kwa maandishi. Na kuhusu harusi, mwaka 1999 Edmond Teng na Larry Squire walieleza mzee aliyepoteza hipokampasi yake, mtaa alikokulia na kuuhama zaidi ya miaka 50 nyuma anaueleza njia zote, hata ukimzibia moja anakupitisha nyingine, lakini mtaa anaoishi sasa hawezi kukupeleka popote. Ya kale kabisa yanaweza kubaki yakiwa mengine yanakwenda. Kwa hivyo "mbona ya harusi anakumbuka" isiwatulize, watu wengi wamecheleweshwa na sentensi hiyo.

Ugonjwa wa Alzheimer, ambao watu wengi hapa wanauita tu kusahau kwa wazee, huanzia mara nyingi kwenye ile entorina niliyoitaja pamoja na jirani zake, kabla haujafika kwingine. Ndio sababu kupotea njia unayoijua ni dalili tunayoiogopa mapema. Lakini sio peke yake inayofanya hivyo, na hapa ndio nataka mwende kweli hospitali. Upungufu wa vitamini B12, tezi la shingo kufanya kazi polepole, sukari isiyotulia, maambukizi ya mkojo ambayo kwa mtu mzima huweza kuja bila homa ya maana, huzuni ya muda mrefu, dawa za usingizi na baadhi ya dawa za mzio, mtoto wa jicho, viharusi vidogo vidogo visivyompooza mtu, yote haya yanaweza kumfanya mtu apotee, na mengi yana tiba. Alzheimer haiponi ila ikijulikana mapema kuna dawa za kusaidia kiasi na kuna kupanga maisha, nani atakaa naye, pesa zake nani atazishika, mambo hayo ni bora yeye mwenyewe awe na kauli akiwa bado anayo.

Nyumbani kwa sasa msimfungie ndani. Kutembea kunamfaa. Atoke na mjukuu, wapite njia zake, yeye ndiye aongoze na mtoto afuate, akikwama mtoto ndio aonyeshe. Fanicha zake msizihamishe hata mkipaka chokaa, na kitu anachokitumia kila siku kikae pahala pake palepale. Simu ndogo na namba yako iwe kwenye mkoba wake wa kila siku, na waambieni wenye maduka na vijana wa punda wa mtaa wenu bila kuona haya, Lamu mtu hapotei machoni pa watu. Msimbishie akiuliza mara ya tatu, mjibuni tu.

Muanzie hospitali ya King Fahd hapo Lamu. Usiende ukasema "mama anasahau", daktari anasikia hilo mara nyingi na ni rahisi kukujibu ni umri. Andika kabla: lini lilianza, alipotea kutoka wapi kwenda wapi, saa ngapi, kama ilikuwa njia aliyoipita miaka yote, mambo gani ya nyumbani ameacha kuyafanya, kama kupima chumvi au kuhesabu chenji, anakula na kulala vipi, na kama linazidi mwezi hata mwezi au linapanda na kushuka. Aende na anayekaa naye, sio mtoto aliyekuja likizo. Omba apimwe damu kwa hayo niliyoyataja, mkojo, presha, macho na masikio, na ukiambiwa ni uzee bila kipimo chochote, uliza kwa adabu ni kipimo gani kimeonyesha hivyo. Picha ya kichwa wakiona inahitajika watawaelekeza pa kwenda. Na beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za dukani, na za mitishamba pia, hata zile anazozificha chini ya mto.